Babu yangu alibeba mikoba ya gofu: mbona hayumo katika historia ya klabu?

"Babu yangu, mzaliwa wa Murang'a, alianza ukedi katika klabu moja kongwe ya gofu hapa Nairobi mwaka 1941, akiwa na miaka kama kumi na mitano. Mwaka 1954 aliondoka, na hapa nyumbani hakuna anayependa kusimulia alikokuwa. Mwaka 1960 alirudi klabuni, safari hii akiwa mhudumu wa baa, akafanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1979. Alifariki mwaka 2009. Ametuachia beji ya shaba yenye namba 63, na picha moja akiwa amevaa kanzu nyeupe, mshipi na tarbushi. Nyanya, aliyeolewa naye mwaka 1952, yuko hai na ana miaka tisini na ushee. Nilinunua kitabu cha historia ya klabu hiyo. Jina la babu halimo, wala la mfanyakazi yeyote Mwafrika wa kabla ya Uhuru. Niliwaandikia, wakanijibu kwamba hawana kumbukumbu zozote za makedi. Je, wananificha kitu? Na ni kweli, kama tulivyoambiwa tangu utotoni, kwamba ilikuwa sheria ya serikali Mwafrika asipite mlango wa mbele? Nauliza kwa sababu mimi ni daktari, nacheza gofu, na nimealikwa kuomba uanachama katika klabu hiyohiyo. Mjomba wangu asema nikijaza ile fomu nitakuwa nimemtukana babu."

Pole, dada, kwa kumtafuta babu kitabu kizima na kumkosa. Nimesoma majalada ya klabu za enzi ya ukoloni kwa miaka mingi, na wajukuu wanaokuja na swali kama lako ni wengi kuliko unavyodhani. Wengine huja na picha, wengine na sahani yenye nembo, wengine na jina tu. Wewe una beji, una picha, una miaka kamili, na una nyanya aliye hai. Hiyo ni mali nyingi. Nitaanza na beji, maana imebeba sehemu kubwa ya jibu.

Namba 63 si namba ya mwajiriwa. Kedi wa wakati ule, kama ilivyo katika klabu nyingi hata leo, hakuwa ameajiriwa na klabu. Alifika alfajiri, akakaa kwenye kibanda cha makedi, akangoja msimamizi amwite kwa namba. Akipata mchezaji, alibeba mkoba mashimo yote, na malipo yalitoka mfukoni mwa mchezaji. Siku ya mvua, au siku ambayo wachezaji ni wachache, alirudi nyumbani mikono mitupu. Klabu ilimpa beji ili ijue nani ameruhusiwa kuingia uwanjani, na ili mchezaji mwenye malalamiko aweze kusema "namba 63" bila kulazimika kujua jina la mtu. Kedi alipoacha kazi, beji ilirudishwa, ikapewa mwingine.

Kwa hiyo klabu inapokuambia haina kumbukumbu za makedi, inawezekana kabisa kwamba inasema kweli. Kilichokuwepo, kama kilikuwepo, ni daftari la msimamizi wa makedi: kitabu cha mkono, kilicholoana jasho na umande, kilichotupwa kikishajaa. Kedi hakuingia katika daftari la mishahara kwa sababu hakuwa na mshahara. Usiwahukumu upesi kwamba wanaficha. Mpangilio wenyewe wa kazi ndio uliomwacha babu nje ya karatasi, na ulimwacha hivyo tangu siku ya kwanza.

Lakini barua yako uliielekeza mahali pasipo na kitu. Uliuliza habari za makedi. Kuanzia 1960 babu hakuwa kedi tena. Mhudumu wa baa aliajiriwa na klabu, alilipwa mwisho wa mwezi, alipewa sare, na huenda alipewa chumba katika nyumba za wafanyakazi. Mtu wa namna hiyo huacha alama. Barua yako ya pili iombe daftari la mishahara ya wahudumu kuanzia 1960 hadi 1979, na iombe pia kumbukumbu za kamati ndogo iliyosimamia jumba na baa. Mambo kama sare mpya, ukarabati wa vyumba vya wafanyakazi na zawadi ya mtu anayestaafu yalipitia huko, na pengine utakuta majina.

Tusimwache kedi wa 1941 hivihivi, maana nataka ujue kazi aliyoifanya. Viwanja vingi vya mwanzo Afrika Mashariki havikuwa na ile nyasi laini tunayoiona leo kuzunguka shimo. Mahali pake palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke, rangi ya kahawia. Mchezaji alipotaka kuusukuma mpira shimoni, kedi alitangulia na ubao au fimbo ya chuma, akausawazisha mchanga kutoka kwenye mpira hadi shimoni. Nyayo zake na za mchezaji zikiisha kuharibu mchanga, aliusawazisha tena kwa ajili ya kundi la nyuma. Mtoto wa miaka kumi na mitano alijua mteremko wa kila duara, alijua mahali mpira unapopotelea kwenye majani marefu, na alijua mchezaji yupi hukasirika. Makedi wengi walijifunza kucheza kwa kutazama, wakichonga fimbo zao wenyewe kwa matawi ya miti. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya wa miaka iliyofuata wametokea kwenye vibanda hivyo.

Sasa hilo la sheria. Hapana, haikuwa sheria ya serikali iliyomkataza babu kupita mlango wa mbele. Ilikuwa kanuni ya klabu. Najua wengine wataona tofauti hiyo haina maana kwa mtu aliyekuwa amesimama nje, lakini ina maana kubwa, na nakuomba univumilie niieleze.

Klabu ya namna hii ni kundi la watu waliochangia fedha, wakapanga nyumba yao wenyewe na kuamua nani aingie. Mtindo huo ulitoka Uingereza na Scotland. Chama cha gofu cha St Andrews kilianzishwa mwaka 1754 na waungwana 22. Maofisa na wafanyabiashara wa Kiingereza waliusafirisha kwenda makoloni, na Calcutta ikapata klabu ya gofu mwaka 1829. Neno lenyewe "country club", ambalo wengi hulidhania la Kiingereza cha Uingereza, lilianzia Marekani: klabu ya kwanza kujiita hivyo ilifunguliwa Brookline, karibu na Boston, mwaka 1882, na mwanzoni ilikuwa ya watu wa farasi. Gofu ilifuata baadaye.

Nairobi ilifuata njia hiyo haraka ya ajabu. Reli ilifika mahali hapa mwaka 1899, pakiwa kinamasi cha Wamaasai kunyweshea mifugo. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1906 wachezaji wakaunda klabu ya gofu, ile ambayo mwaka 1935 Mfalme George wa Tano aliipa cheo cha "Royal", na ambayo leo uwanja wake umepakana na Kibera. Usiku wa kufunga mwaka 1913 Muthaiga Country Club ikafungua milango. Mwaka 1937 ikaja Karen Country Club, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, hadi alipoondoka mwaka 1931. Mji uliokuwa na umri wa mtoto tayari ulikuwa na klabu za kuwatosha wazee.

Ukijiuliza kwa nini waliharakisha hivyo, angalia walowezi walivyoishi. Mtu alikuwa na shamba Naivasha au Nyeri, jirani wa karibu yuko mbali, barabara ni matope. Alipokuja mjini kwa mbio za farasi, kwa mkopo wa benki au kwa mkutano wa walowezi, alihitaji kitanda, chakula, na watu wa lugha yake. Klabu ya pembezoni mwa mji ilimpa vyote. Na kwa kuwa maofisa wa serikali nao walikuwa wanachama, mambo ya ardhi, vibarua na kodi yalizungumzwa vizuri zaidi kwenye veranda kuliko ofisini. Kumweka mtu nje ya klabu kulikuwa kumweka nje ya mazungumzo hayo.

Mwanachama mpya alichaguliwaje? Alipendekezwa na mmoja, akaungwa mkono na mwingine, jina lake likabandikwa ubaoni, kisha ikapigwa kura. Kura ya desturi ilikuwa ya mipira midogo: sanduku la mbao lenye tundu, unaingiza mkono, unadondosha mpira mweupe ukikubali au mweusi ukikataa, na hakuna anayeona umedondosha upi. Idadi iliyohitajika ilitofautiana, lakini mara nyingi mipira michache sana myeusi, hata mmoja, ilitosha kumzuia mtu. Utaona nguvu ya utaratibu huu. Huhitaji kuandika popote kwamba Mwafrika au Mhindi haruhusiwi. Inatosha kwamba hakuna atakayempendekeza, na akipendekezwa yuko mmoja atakayeingiza mkono sandukuni. Wahindi na Wagoa wa Nairobi waliona mapema kwamba mlango huo hautafunguka, wakajenga vyao: Goan Institute, Sir Ali Muslim Club na vingine. Bado vinafaa kutembelewa na yeyote anayetaka kuielewa Nairobi.

Sheria ya serikali ilikuwepo, lakini ilizunguka nje ya ua. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ndizo zilizowezesha nyanda za juu kuwa za Wazungu. Kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, kilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka kumi na sita kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na ujira wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mipaka ya makazi ya Nairobi iliamua nani alale wapi. Hayo yote ni serikali. Mlango wa mbele wa klabu ulifungwa na wanachama wenyewe, kwa hiari yao.

Linganisha na Afrika Kusini. Kule palikuwa na Group Areas Act ya 1950, sheria iliyogawa maeneo kwa rangi za watu, na mwaka 1963 Papwa Sewgolum, mchezaji wa asili ya Kihindi aliyeanza kama kedi, alishinda Natal Open katika Durban Country Club. Huyu alikwisha kushinda mashindano ya Uholanzi mara mbili, akishika fimbo kwa mikono iliyopishana kinyume na kila mwalimu anavyofundisha. Alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia ndani ya jumba ambamo wachezaji Wazungu walikuwa wamejikinga. Ubaguzi huo ulisimama juu ya sheria ya nchi, na sheria ya nchi hufutwa siku moja, kwa tarehe.

Kwetu hakuna tarehe. Ndiyo sababu hujapata mahali palipoandikwa "tangu leo Mwafrika aingie". Tarehe 12 Desemba 1963 bendera ilibadilika, lakini kila klabu ilifungua mlango wake kwa wakati wake, kura kwa kura. Moyo wa haki ulikuwepo kwa baadhi yao, na hesabu ilikuwepo kwa wote: Wazungu waliokuwa wakiuza mashamba na kuondoka walikuwa ndio walipa ada. Babu yako alikuwa ndani ya baa miaka hiyohiyo. Aliwaona wanachama wa kwanza Waafrika wakiingia kwa mlango wa mbele, akawaandalia meza. Hakuna kamati iliyowahi kuandika alivyoliona jambo hilo, na sidhani kuna kitu katika historia ya klabu hiyo ambacho ningependa zaidi kukijua.

Hapo ndipo ninapokubaliana nawe kuhusu kitabu. Vitabu vya klabu huandikwa na wanachama kwa ajili ya wanachama: manahodha, vikombe, mashimo yaliyobadilishwa, mgeni mashuhuri aliyelala. Lord Erroll, mlowezi mwenye cheo cha ukabaila, alikula chakula cha jioni Muthaiga kabla ya kukutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, mwaka uleule babu yako aliopewa beji, na wino uliomwagwa kuhusu meza ile hauna kipimo. Waliopika na kupakua chakula usiku ule hawajulikani na wasomaji. Sisemi waandishi wana nia mbaya. Wanafuata karatasi, na karatasi ziliandikwa na waliokaa, siyo na waliosimama.

Itazame tena ile picha. Kanzu, mshipi na tarbushi si mavazi ya Murang'a. Ni mavazi ya pwani, Mombasa na Unguja, ambako kanzu ni vazi la heshima, la msikitini siku ya Ijumaa na la harusini. Watumishi wa misafara na wa nyumba za mwanzo za Wazungu walikuwa watu wa pwani, na mavazi yao yakageuzwa sare kwa kila mhudumu wa bara. Ukigeuza picha nyuma unaweza kukuta muhuri wa studio. Kama upo, anwani yake itakusaidia kuuweka mwaka.

Sasa nirudi kwenye ile beji, na kwenye 1954. Ninachosema hapa ni dhana yangu, siyo ushahidi. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya wakoloni, yakiwasaka Mau Mau, yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mtaa kwa mtaa, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa nyuso, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Wengine wengi walirudishwa vijijini kwa nguvu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kwa kedi, Jumamosi ndiyo siku ya riziki. Ukiwa mkazi wa mjini na una beji, hiyo ni siku unayotoka gizani kuwahi foleni. Kisha tazama alivyorudi: hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya Mau Mau iliondolewa tarehe 12 Januari 1960, na babu yako anaonekana tena klabuni mwaka huohuo. Ongeza kwamba beji haikurudishwa, ingawa kedi aliyeaga alitakiwa kuirudisha, na kwamba nyumbani watu hunyamaza wakifika mwaka huo.

Huenda nimekosea. Huenda aliondoka mapema mwaka huo kwa shughuli zake. Huenda alikuwa Murang'a katika vile vijiji vya kulazimishwa, na kama alikuwa huko, zipo familia zilizokuwa upande wa waliozingirwa na zipo zilizokuwa upande wa walinzi wa serikali ya kikoloni. Ukianza kuuliza, uwe tayari kwa jibu lolote. Ila ukilipata lile daftari na kukuta nafasi tupu, usikubali kuelezwa kwa wepesi kwamba "aliacha kazi". Mwaka ule watu wengi hawakuacha kazi.

Njia za kutafuta ziko kadhaa, na hazina uzito sawa. Yenye thamani kuliko zote ni nyanya. Nenda mwenyewe, bila umati wa jamaa, urekodi kwa simu akikubali. Mpe picha na beji mkononi, kisha nyamaza. Usimuulize moja kwa moja "babu alifungwa?" Muulize habari za kawaida: alilala wapi Nairobi, alirudi na nini Jumamosi, nani alilima shamba miaka ile. Wewe ni daktari, unajua kumbukumbu za vizuizini zinaweza kumwamsha mtu usiku miaka sabini baadaye. Akionekana kuumia, simama, urudi siku nyingine, na umshirikishe mtu anayemwamini, awe mchungaji wake au mshauri wa afya ya akili wa karibu. Hakuna historia inayostahili kumnyima usingizi.

Baada ya nyanya, karatasi za familia. Tafuta kipande au karatasi ya utambulisho iliyokifuata, kwa sababu waajiri walitia sahihi humo. Tafuta kadi ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya 1965, na mhudumu aliyestaafu mwaka 1979 anapaswa kuwa alichangiwa. Jalada lake likipatikana, litakuwa na jina la mwajiri na miaka. Chama cha wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani, KUDHEIHA, nacho kina wazee wanaokumbuka majina ya wenzao wa klabu mbalimbali hata pale ambapo karatasi zimepotea.

Kisha Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, pale Moi Avenue. Usiende na swali la "babu yangu". Nenda na klabu, wilaya na miaka: ripoti za wilaya ya Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa wakati ule, na majalada ya idara ya kazi ya Nairobi. Mwone mtunza nyaraka ana kwa ana, maana orodha zilizopo haziwezi kukuambia anachokijua yeye. Kuhusu vizuizi, nikuambie ukweli ili usivunjike moyo baadaye: wakoloni walichoma karatasi nyingi kabla ya kuondoka, na nyingine walizisafirisha hadi Uingereza, zikafichwa Hanslope Park hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipolazimu zijulikane mwaka 2011. Sasa ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa FCO 141. Zinahusu maamuzi ya wakubwa kuliko majina ya watu wa kawaida, kwa hiyo kupata ukurasa wenye jina la babu itakuwa bahati kubwa.

Klabu yenyewe iendee kwa miguu. Barua huishia mezani kwa karani ambaye hajui chumba cha stoo kina nini. Omba kuonana na katibu, mwonyeshe picha, na uulize kama yupo mhudumu mzee aliyestaafu ambaye bado hupewa chai wakati wa sikukuu. Mara mbili nimewahi kupata daftari ninalolitafuta kwa sababu fundi wa bustani alikumbuka liko chini ya ngazi. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata habari hata kutoka kwa mtu binafsi, ikiwa zinahitajika kulinda haki nyingine. Kwa utafiti wa familia mlango huo ni mwembamba, na mimi nisingeanza nao. Ikiwa lengo lenu litageuka kuwa madai ya fedha au malipo ya uzeeni, hapo nimefika mwisho wa ujuzi wangu: mwoneni wakili, na mwende na nakala, siyo nyaraka zenyewe.

Limebaki la fomu. Mjomba wako nampa heshima yake. Anayakumbuka macho ya babu, na wewe na mimi tunasoma tu. Anaposema "utamtukana", nadhani anaogopa kwamba utakaa kwenye kiti kile na kusahau aliyekifuta vumbi. Hofu hiyo ni ya haki, maana wapo waliofanya hivyo.

Tazama lakini kwamba mwaka 1941 ungezuiwa mara mbili, kwa rangi yako na kwa kuwa mwanamke. La pili limedumu kuliko la kwanza. Nusu karne baada ya Uhuru wanawake wa Limuru Country Club walilazimika kwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2014 mahakama ikaamua kwamba kanuni ndogo iliyowabagua katika uongozi wa klabu inapingana na Katiba. Klabu ilijitetea kwamba ni ya binafsi. Majaji wakasema Katiba inambana kila mtu, na klabu ya binafsi haiko nje yake. Kwa hiyo lile sanduku la mipira, ambalo zamani halikujibu kwa yeyote, sasa lina mahali pa kujibu. Kilichobadilisha jambo hilo ni wanachama waliokuwa ndani na wakakataa.

Uanachama una gharama yake. Ada ni nzito, na kuna hatari ya kufanywa pambo, mjukuu wa mhudumu anayeonyeshwa wageni kuthibitisha kwamba mambo yamebadilika. Faida yake ni ya vitendo: mwanachama huhudhuria mkutano mkuu, huomba kuona kumbukumbu kwa mujibu wa katiba ya klabu, na anaweza kupendekeza kwamba toleo lijalo la kile kitabu liwe na sura ya wafanyakazi, kwa majina. Mtu wa nje huomba hayo kama hisani. Kwa hiyo mimi ningejaza fomu. Ningeijaza baada ya kuzungumza na nyanya, siyo kabla, na ningemwomba mjomba anisindikize siku ya kwanza.

Na ukikaa na nyanya, kuna swali moja ambalo beji yenyewe inaliuliza. Waliokamatwa siku ile walinyang'anywa walichokuwa nacho. Kama babu alikuwa ameivaa, aliiokoaje? Kama hakuwa ameivaa, ilibaki kwenye chumba gani, na ni nani aliyeona kipande kidogo cha shaba kinafaa kufichwa hadi 1960? Muulize nyanya beji ilikuwa kwa nani miaka hiyo sita.